Punda Asife, na Mzigo Ufike

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, juu ya kazi yenye tarehe na siku ya mapumziko



Tumekutana kutafakari jambo ambalo wengi huliona dogo mno kuitwa suala la haki. Ni jambo la kalenda. Kila mwaka sikukuu hufika, na kila mwaka kazi zenye tarehe ya mwisho hufika pamoja nazo. Hesabu za mwezi zinadaiwa, shehena inangojewa, mishahara haijaandaliwa, shimo linajaa maji. Na kesho ni sikukuu. Hapo ndipo mtu mmoja huambiwa, “Wewe utakuja kesho.” Aghalabu mtu huyo siye aliyechelewesha kazi. Ni yule asiyeweza kukataa.

Methali yasema: Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Tukiisikiliza vizuri, hiyo si sifa kwa mwenye punda. Leo twajiuliza: je, haiwezekani mzigo ukafika na punda asife? Jibu letu ni kwamba inawezekana, kwa masharti matatu: kazi ipangwe mapema, zamu igawanywe kwa haki, na atakayefanya kazi siku hiyo alipwe anachostahili. Pasipo hayo matatu, sikukuu ya taifa inakuwa sikukuu ya baadhi ya wananchi tu.

Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kutazama, kupima, kisha kutenda.

1. TUTAZAME HALI ILIVYO

Baadhi ya sikukuu zetu zina tarehe isiyobadilika: Mapinduzi tarehe 12 Januari, Karume tarehe 7 Aprili, Muungano tarehe 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, Siku ya Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba, Uhuru tarehe 9 Desemba, na Noeli. Nyingine husogea. Pasaka hujulikana tarehe yake miaka mingi kabla, lakini Idd hungoja mwezi uandame, na anayepanga kazi huenda asijue hadi usiku ule kama mapumziko ni kesho au keshokutwa. Tena ipo siku inayoongezwa kwa tangazo, kama tarehe 23 Agosti 2022, siku ya Sensa ya Watu na Makazi, ambayo nchi nzima ilipumzika.

Tarehe za kazi nazo hazikai mbali. Kodi inayokatwa katika mishahara hudaiwa na Mamlaka ya Mapato ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Sasa tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume, na tarehe 7 Julai ni Saba Saba. Mwaka 2023 tarehe 7 Aprili ilikuwa pia Ijumaa Kuu. Ikafuata Jumatatu ya Pasaka tarehe 10, Idd el Fitr ndani ya mwezi uleule, Muungano tarehe 26, na Mei Mosi siku ya Jumatatu. Karani wa mishahara aliyengoja wiki ya mwisho alijikuta hana wiki. Kadhalika, mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na mwaka huohuo Idd el Hajj iliangukia siku za mwisho za Juni. Mhasibu Mwislamu wa halmashauri alikuwa na mambo mawili mikononi: vitabu vya kufunga, na familia iliyomngoja.

Tuje sasa katika ukanda wetu huu wa dhahabu na almasi. Mwadui imejulikana kwa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi ulifanya kazi tangu 2009 hadi 2021. Mgodi mkubwa haulali. Mashine zake husaga mawe usiku na mchana, na watu hupokezana kwa zamu. Kuuzunguka mgodi yapo makampuni ya ulinzi, ya chakula, ya usafi, ya usafiri na ya vipuri. Katika mnyororo huo tarehe hushuka ngazi kwa ngazi. Mwenye kazi humwekea mkandarasi tarehe. Mkandarasi humwekea msimamizi. Msimamizi humwekea kibarua. Kila ngazi inayoshuka, mtu ana nguvu ndogo zaidi ya kusema hapana. Juu ilikuwa mapatano. Ikifika chini imekuwa amri.

Kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu au Mwakitolyo, kalenda haiandikwi ofisini. Mwenye duara amekopa kwa mfadhili. Pampu ya kutoa maji inakula mafuta kila siku. Karasha limekodiwa. Mchimbaji mwenyewe mara nyingi halipwi mshahara bali hungoja mgawo wa mawe, na siku asiyoshuka shimoni ni siku isiyo na kitu. Kwake sikukuu yaweza kuwa siku ya njaa. Desemba inapokaribia kila mtu anataka kurudi kwao na chochote mkononi, na haraka huingia shimoni kabla ya mchimbaji.

Mwezi Januari 2024, huko Ng'alita wilayani Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, watu 22 walikufa kwa kufukiwa na kifusi. Walikuwa wameingia mahali ambapo uchimbaji ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa. Hatusemi kwamba sikukuu ndiyo iliyowaua, wala hatuwahukumu marehemu. Twasema tu kwamba mtu anayeambiwa angoje, naye asiweze kungoja, kwa kawaida ana njaa au deni nyuma yake. Anayetaka watu wangoje hana budi kuitazama njaa hiyo na deni hilo.

Mwishowe tutazame nyumbani mwetu. Siku ya Noeli, nani anaamka saa kumi alfajiri? Ni mama na msichana wa kazi. Wageni wakicheka sebuleni, hao wawili wako jikoni. Wageni wakienda kulala, hao wawili wanaosha vyombo. Hakuna ofisi iliyowapa tarehe ya mwisho, lakini chakula cha mchana cha sikukuu ni tarehe ya mwisho isiyo na huruma.

2. TUPIME: KAZI IPI HAINGOJI?

Yatupasa kuwa wakweli. Si kila kazi inaweza kusimama. Tuzigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kazi ambayo ikisimama uhai unahatarika: muuguzi wodini, mlinzi langoni, fundi wa umeme, mtu anayeangalia pampu na feni za hewa chini ya ardhi. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, aliwauliza Mafarisayo kama kuna asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Sisi wa nchi ya ng'ombe twalielewa swali hilo bila mfasiri.

Fungu la pili ni kazi ambayo ikisimama mali inaharibika. Katika matangi ya kuchenjulia dhahabu, mawe yaliyosagwa huchanganywa na maji na dawa, na mchanganyiko huo sharti ukorogwe wakati wote, la sivyo hutuama na kuganda chini. Huwezi kuuambia ungoje hadi keshokutwa. Kazi hizi zinahitaji watu, lakini zinahitaji watu wachache kuliko siku ya kawaida.

Fungu la tatu ni kazi isiyosimama kwa sababu tu mtu fulani hakupanga, au aliahidi bila kutazama kalenda. Hapa ndipo penye dhuluma nyingi. Ripoti iliyoandikwa usiku wa kuamkia sikukuu hukaa mezani siku nne, kwa kuwa anayeipokea naye amekwenda mapumzikoni. Shehena iliyopakiwa Ijumaa Kuu hufika kwenye ghala lililofungwa. Na dhahabu yenyewe imelala ardhini kwa miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Haitaoza kwa siku moja.

Basi, kila mara tunapoambiwa kwamba kazi haiwezi kungoja, tuulize kwa adabu: iko katika fungu lipi? Msimamizi mwadilifu ataweza kujibu.

Hata Serikali imewahi kulikabili swali hili mbele ya macho yetu. Mwaka 2015 Rais John Magufuli, mwana wa Chato, alifuta gwaride la sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, na wananchi wakatakiwa kufanya usafi siku hiyo, wakati kipindupindu kilipokuwa kikisumbua nchi. Mwaka 2016 sherehe za Muungano nazo hazikufanyika, na fedha zake zikaelekezwa katika kupanua barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Mwanza. Wapo waliosifu na wapo waliosikitika. Kwa ajili ya tafakari yetu inatosha kuona kwamba sherehe na mapumziko ni vitu viwili. Gwaride laweza kufutwa kwa amri na hakuna atakayeugua. Uchovu wa mwili haufutwi kwa amri ya mtu yeyote.

3. SHERIA YA NCHI INASEMAJE

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 366 ya sheria zetu, inaeleza mambo ambayo kila kiongozi wa walei anafaa kuyajua.

Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku 6 kwa wiki. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku, na saa 24 mfululizo kila wiki. Na akifanya kazi siku ya sikukuu ya taifa, kila saa aliyofanya hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi wa saa.

Tufanye hesabu, maana haki isiyohesabiwa hupotea. Mtu anayelipwa shilingi 390,000 kwa mwezi na kufanya kazi saa 45 kwa wiki, mshahara wake hugawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa 45 kupata wa saa. Jibu ni kama shilingi 2,000 kwa saa. Siku ya Muungano akifanya kazi saa 8, kiwango chake ni shilingi 4,000 kwa saa, yaani shilingi 32,000 kwa siku hiyo. Soda na shukrani si malipo ya sikukuu. Wala ahadi ya “tutaangalia mwisho wa mwezi” si malipo, mpaka iandikwe na ilipwe.

Masharti hayo ya saa hayamhusu kila mtu kwa namna moja. Msimamizi wa wengine anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hayumo, na sheria inatambua pia dharura za kweli. Mwenye shaka amwone Afisa Kazi wa mkoa au chama chake cha wafanyakazi; migodini wapo TAMICO na NUMET.

Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza namna ya kuhesabu siku. Sheria inapoweka muda wa kutenda jambo, na muda huo ukaishia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, jambo hilo laweza kutendwa siku ya kazi inayofuata. Kanuni hiyo inahusu tarehe zilizowekwa na sheria, si kila mapatano kati ya kampuni na kampuni. Na si busara kwa mhasibu kungoja hadi hapo. Lakini tazameni maana yake. Bunge lenyewe, linapoweka tarehe, huiinamisha tarehe mbele ya siku ya mapumziko. Ikiwa tarehe ya sheria ya nchi yaweza kusogea siku moja, kwa nini tarehe ya meneja isisogee?

Ipo pia tarehe ya mwisho inayomhusu mfanyakazi mwenyewe. Anayedhulumiwa malipo yake, na mazungumzo yakashindikana, anaweza kupeleka mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai ya namna hiyo ana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Akiwa ameachishwa kazi isivyo halali, ana siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kunung'unika miezi sita kisha kwenda mwezi wa saba.

4. NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Tumezoea kusoma kitabu cha Kutoka kama habari ya ukombozi kutoka utumwani. Tusome tena sura ya 5 polepole. Musa na Haruni walipokwenda kwa Farao mara ya kwanza, waliomba nini? Waliomba ruhusa ili watu wakamfanyie Mungu wao sikukuu jangwani. Ombi la kwanza lilikuwa siku za mapumziko! Na Farao alijibu nini? Aliwaita wavivu. Akaamuru wasipewe tena nyasi za kufyatulia matofali, wazitafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali ya kila siku isipungue hata moja. Wanyapara Waisraeli, waliokuwa katikati, wakapigwa kwa sababu hesabu haikutimia.

Ndugu zangu, hapo yamo yote tuliyoyatazama leo: tarehe isiyosogea, vifaa visivyotosha, tuhuma ya uvivu kwa anayeomba kupumzika, na msimamizi wa kati anayebanwa juu na chini. Tuwaombee wasimamizi hao pia, maana wengi wao ni waamini wetu, na mgongo wao nao unauma.

Sura ya 16 ya kitabu hichohicho yatupa dawa. Mungu anawapa watu mana. Siku ya sita wanaokota sehemu maradufu, ili siku ya saba wapumzike. Methali yetu husema akiba haiozi; lakini mana iliyowekwa siku nyingine kwa uchoyo ilioza na kuota mabuu, na ile iliyowekwa kwa ajili ya siku ya mapumziko haikuoza. Mungu hakusema tu “pumzikeni” kisha akawaacha na njaa. Alipanga chakula cha siku hiyo jana yake. Kumpa mtu sikukuu bila kupanga mzigo wake siku zilizotangulia, akarudi akaukuta umekuwa mara mbili, ni kumkopesha mapumziko kwa riba.

Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inaongeza sababu. Sabato si ya mwenye nyumba peke yake. Ni ya mwanawe na binti yake, mtumwa na mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, ili aliye chini apumzike sawa na aliye juu. Angalieni: punda ametajwa! Na sababu yake ni kwamba Waisraeli wakumbuke walivyokuwa watumwa Misri. Aliyewahi kunyimwa mapumziko hana ruhusa ya kumnyima mwenzake.

Kanisa limeshika fundisho hilo. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliitetea haki ya mfanyakazi kupumzika. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliitaja haki ya mapumziko ya kila wiki na likizo ya mwaka kuwa sehemu ya stahili za mfanyakazi, pamoja na ujira. Katekisimu nayo yamwonya kila Mkristo asiwadai wenzake kazi zisizo za lazima zitakazowazuia kuitunza siku ya Bwana.

Na Mei Mosi yenyewe ina historia. Tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi ya saa nane, na mji wa Chicago ukawa kitovu cha machafuko na mauaji siku zilizofuata. Sikukuu hiyo ilizaliwa kwa sababu ya saa za kazi. Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka siku hiyohiyo kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kumlazimisha mtu kufanya kazi Mei Mosi bila malipo yake ni kulidhihaki jina la siku.

Wazee wetu wa Usukuma nao hawakuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Walilima kwa bidii wakati wa mvua, wakisaidiana kwa vikundi na ngoma ya jembe. Na mavuno yakiisha, ndipo msimu wa ngoma kubwa ulipofunguliwa, Bagika na Bagalu wakashindana mchana kutwa. Hata sherehe ya Bulabo huko Bujora, inayofuatana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, huja wakati shamba limempa mkulima nafasi. Hawakuweka ngoma katikati ya palizi kisha wakamlaumu anayecheza. Waliipanga kazi, na sikukuu ikapata mahali pake.

5. TUTENDE

Kwa waajiri na wasimamizi. Kila mwezi Januari, kalenda ya sikukuu na kalenda ya kazi ziwekwe juu ya meza moja. Penye mgongano, tarehe ya ndani iwekwe siku tatu au nne kabla ya ile ya nje. Ikionekana kwamba kazi haitawahi, mwenye kuingojea aambiwe wiki mbili kabla. Wateja wengi hukubali kusogezewa siku wakiombwa mapema, na hukasirika wakiarifiwa siku yenyewe. Orodha ya zamu za sikukuu ibandikwe ukutani mahali pa wazi, ili ionekane kama ni jina lilelile linalorudi kila mara. Saa ziandikwe, mfanyakazi atie sahihi, na malipo yaonekane kwenye hati ya mshahara.

Katika zamu hizo twawasihi mjali dini za watu. Tumeona mahali ambapo Mkristo hushika zamu ya ndugu yake Mwislamu siku ya Idd, naye Mwislamu akashika ya Mkristo siku ya Noeli. Hakuna hotuba ya amani inayozidi ubadilishanaji huo. Lakini uwe wa hiari na wa pande zote mbili.

Kwa wafanyakazi. Tusiwe sisi wenyewe chanzo. Anayepoteza Jumatatu na Jumanne kwa soga, kisha Jumatano akasema kazi imembana, amemtwika mwenzake. Vivyo hivyo anayelewa siku ya Uhuru asionekane kazini siku inayofuata. Sikukuu yake imelipwa na jasho la mwingine. Kila mmoja awe na daftari lake dogo la tarehe na saa alizofanya kazi siku za sikukuu. Siku ya mgogoro, kumbukumbu iliyoandikwa huwa na nguvu kuliko kiapo.

Kwa wachimbaji wadogo na wenye maduara. Mapatano ya mgawo yaandikwe, nayo yataje siku za mapumziko. Yaelezwe ni nani atakayelinda shimo na pampu siku hiyo, na fungu lake la ziada ni lipi. Wachimbaji waweke akiba ya pamoja kwa ajili ya siku zisizo na mawe, kama sehemu maradufu ya siku ya sita. Vikundi vya kuweka na kukopa vya Jumuiya vyaweza kusaidia. Na mtu asishuke baada ya mvua au baada ya siku kadhaa za mapumziko kabla shimo halijakaguliwa. Shimo lililokaa bila mtu si lile mliloliacha.

Kwa familia. Akina baba, sikukuu mwaweza kuchota maji na kuosha sufuria bila kupungukiwa na heshima. Msichana wa kazi apewe siku yake. Kama Noeli haiwezekani, basi ajulishwe mapema ni siku ipi badala yake, na nauli ya kwenda kwao.

Kwa parokia na taasisi zetu. Kanisa nalo ni mwajiri. Pasaka na Noeli ndizo siku zenye kazi nyingi kuliko zote kwa mpishi wa nyumba ya mapadre, mlinzi, katibu wa ofisi, muuguzi wa zahanati na katekista. Hatuwezi kusoma sura ya 5 ya Kutoka juu ya mimbari, kisha tukamwambia mlinzi kwamba ujira wake uko mbinguni. Kamati za Haki na Amani zianze ukaguzi wao hapa nyumbani, ndipo zitakapokuwa na uso wa kubisha hodi kwa wengine.

HITIMISHO

Tarehe ya kazi huwekwa na binadamu, na binadamu aweza kuisogeza. Mwili wa mtu uliumbwa na Mungu, na hitaji lake la kupumzika hatuwezi kulisogeza bila mwisho. Penye mgongano kati ya hivyo viwili, Mkristo huanza kwa kuitazama tarehe, si kwa kumtazama punda.

Twawaomba mtakaporudi vigangoni msibaki na maneno haya kama mafundisho ya semina. Tazameni sikukuu ya taifa iliyo karibu. Ulizeni sasa, kabla haijafika: nani atafanya kazi siku hiyo, kwa sababu gani, na atalipwa nini? Maswali hayo matatu yakiulizwa mwezi mmoja kabla, huleta mpango. Yakiulizwa siku yenyewe, huleta ugomvi.

Mungu awabariki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani aliyefanya kazi sikukuu iliyopita? Je, alikubali au alilazimishwa? Alilipwaje?

2. Taja kazi moja iliyosemwa kwamba haiwezi kungoja. Iko katika fungu lipi kati ya yale matatu?

3. Someni Kutoka 5, aya 1 hadi 19. Nani leo yuko mahali pa wanyapara Waisraeli? Tumsaidieje?

4. Wenzetu wa dini nyingine kazini: tumewahi kubadilishana nao zamu za sikukuu? Kuna vikwazo gani?

5. Ni jambo gani moja ambalo familia yetu, na parokia yetu, itabadilisha kabla ya Noeli ijayo?